Pwani, mlimani, ziwani au kanda ya kati: ulinganisho kwa anayetafuta pa kuhamia Tanzania

Ukiitazama ramani ya Tanzania inayoonyesha wanakoishi watu, utaona nchi iliyojaa pembezoni na kupwaya katikati. Watu wamesongamana kulizunguka Ziwa Victoria, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Meru na Usambara, katika nyanda za juu za kusini, na katika ukanda mwembamba wa pwani. Ukitoka hapo ukaelekea Katavi, sehemu kubwa ya Tabora au ndani ya Lindi, unaweza kusafiri kitambo kirefu bila kuona paa la nyumba. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyechora ramani ya namna hiyo mwaka 1936, alihusisha sura hiyo na mambo mawili makubwa: watu wako palipo na maji ya kudumu, na wamepakimbia palipo na mbung'o, nzi wanaoeneza malale. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, idadi ambayo Gillman asingeiota, lakini umbo la ramani yake bado linatambulika.

Andiko hili ni la mtu ambaye yuko huru kuchagua: mstaafu mwenye kiinua mgongo mkononi, kijana anayetaka kulima lakini nyumbani kwao ardhi imekwisha, au familia iliyochoka na mji na inataka kiwanja chenye nafasi ya mifugo na bustani. Anayehama kwa ajili ya ndoa, kazi au makaburi ya wazee wake hahitaji ushauri wangu, kwa kuwa mambo hayo yana uzito kuliko mvua.

Nitalinganisha sehemu nne. Ya kwanza ni pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, kwa umbali ambao upepo wa bahari bado unafika. Ya pili ni mlimani, na humo nitahesabu milima ya kaskazini pamoja na nyanda za juu za Njombe, Mbeya na Rungwe, ingawa pande hizo mbili zinatofautiana kuliko wengi wanavyodhani. Ya tatu ni ukanda wa Ziwa Victoria. Ya nne ni kanda ya kati, yaani Dodoma na Singida. Msimamo wangu niuseme mapema: hakuna mazingira ya bure. Kila sehemu inatoza kodi yake, na anayehama anachagua kodi atakayoimudu mwaka hadi mwaka, hata mwaka mbaya.

Vigezo

Nimetumia vigezo sita: maji, joto na hewa, udongo, maradhi, majanga, na nafasi iliyobaki. Shule, hospitali na barabara nimeziacha kwa makusudi, kwa sababu hizo hubadilika ndani ya bajeti mbili au tatu, wakati mlima hauhami. Katika kila kigezo ninapima mwezi mbaya na mwaka mbaya badala ya wastani, kwa kuwa wastani wa mvua haujawahi kumnywesha ng'ombe mwezi Oktoba.

Maji

Hiki ndicho kigezo kinachostahili muda mrefu kuliko vingine, na ndicho ambacho wanunuzi wa viwanja hukiangalia vibaya zaidi.

Pwani hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Dar es Salaam hupokea takriban milimita 1,000 au zaidi kidogo kwa mwaka, kiasi ambacho kingetosha kama ardhi ingekishika. Lakini mchanga na mawe ya matumbawe huyaachia maji yapite, na kisima kilichochimbwa karibu na bahari kina adui wa chini kwa chini. Maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi. Ukiyavuta kwa pampu kwa pupa, chumvi hupanda. Kisima kilichokuwa kitamu wakati mtaa una nyumba kumi kinaweza kuwa cha chumvi nyumba zikifika mia. Maji ya kisima cha pwani yaonje mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua kuanza, wala usiyaonje mwezi Mei.

Mlimani kuna chemchemi na vijito, na kwa sababu hiyo Wachaga walijenga mifongo, mifereji inayoyatoa maji juu msituni na kuyapeleka kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila familia, kwa mteremko tu, bila mashine yoyote. Mfongo ulikuwa na wenyewe, zamu na wazee wa kuusimamia. Aliyehamia bila kuingizwa katika zamu alikuwa na mto mbele ya macho na kiu kinywani. Hali hiyo haijatoweka. Tena mlima una upande: miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hunyeshewa vizuri na upepo unaotoka bahari ya Hindi, ilhali upande wa kaskazini na magharibi ni mkavu zaidi. Kusini mwa nchi, Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 katika maeneo yake yenye mvua nyingi, wakati Njombe ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kisha miezi mirefu ya baridi kavu.

Ziwani watu hudanganywa na macho. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini anayekaa mlimani kilomita tano kutoka ufukweni hana maji kwa kuliona ziwa. Mvua pia haigawi sawa. Upepo unaovuma kutoka mashariki huchukua unyevu juu ya ziwa na kuumwaga upande wa magharibi, ndiyo maana Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi mikavu kabisa ni michache. Mwanza hupata kama nusu ya kiasi hicho, na ukizidi kwenda ndani kuelekea Simiyu na Shinyanga unaingia katika nchi ya ukame. Huko bomba limebadilisha jiografia: maji yanayovutwa ziwani kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, yamefika Shinyanga na Kahama, na baadaye yakapelekwa hadi Tabora. Mtu anayesema kwamba mazingira huamua kila kitu na alifuate bomba hilo.

Kanda ya kati, hasa Dodoma, hupata takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, na jua hurudisha angani sehemu kubwa ya maji hayo. Mito ni makorongo ya mchanga. Maji hufukuliwa chini yake kiangazi. Hata hivyo, Dodoma ina hazina ambayo wengi hawaijui, nayo ni bonde la Makutupora, ambako visima vya Mzakwe vimelihudumia jiji kwa miongo mingi. Kumbukumbu za kina cha maji zilizoanza kuandikwa huko miaka ya 1950 zinaonyesha kwamba hazina hiyo haijazwi kila mwaka. Hujazwa hasa katika miaka michache ya mvua kubwa, kama msimu wa El Niño wa 1997 na 1998, kisha watu huishi kwa akiba hiyo. Anayehamia Dodoma anahamia kwenye akaunti ya benki ambayo mshahara wake huingia mara moja kwa miaka kadhaa, na wateja wanaongezeka.

Jambo moja zaidi kuhusu maji, ambalo halionekani kwa macho wala kuonjwa kwa ulimi: madini ya floraidi. Maji ya Singida, ya Shinyanga, na hasa ya maeneo ya volkano kuzunguka Meru na tambarare za chini ya Kilimanjaro yanaweza kuzidi sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto ndiyo onyo la kwanza, na mifupa iliyopinda ni onyo la kuchelewa. Kabla ya kununua, watazame meno watoto waliozaliwa hapo, kisha peleka sampuli maabara.

Joto na hewa

Pwani ni joto lenye unyevunyevu mwaka mzima, kali zaidi kati ya Desemba na Machi wakati kaskazi inapovuma, na nafuu kidogo wakati wa kusi. Usumbufu mkubwa ni usiku usiopoa. Mlimani joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mtu wa Njombe, kwenye mita zipatazo 2,000, anaishi katika hali tofauti kabisa na ya mtu wa Kyela, ingawa kati yao si mbali sana. Mwezi Julai jalidi, yaani umande ulioganda, inaweza kuunguza shamba la viazi la Makete kwa usiku mmoja, na kuni za kupasha nyumba moto ni gharama ya kweli ambayo mtu wa pwani haiweki kwenye hesabu.

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni la wastani mwaka mzima. Kwa kigezo hiki peke yake ningeliweka ziwa mbele. Dodoma ina hewa kavu, mchana mkali mwezi Oktoba na Novemba, usiku wa baridi mwezi Juni na Julai, na upepo wenye vumbi. Tembe za Wagogo, nyumba fupi za udongo zenye paa bapa, ziliujua upepo huo na uchache wa mvua. Bati la leo hupata joto mchana na hung'olewa na kimbunga kidogo cha alasiri. Si lazima ujenge tembe, lakini kuta nene na paa lililofungwa barabara si anasa huko.

Udongo na chakula

Mlima wa volkano ndio wenye sifa, na sifa hiyo ni ya haki. Kihamba cha Mchaga hulisha kwa ghorofa: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi na maharage chini zaidi, na ng'ombe aliyefungwa zizini akirudisha samadi. Lakini naomba nisahihishe dhana moja. Ukijani si ushahidi wa rutuba. Udongo wa Rungwe ni wa volkano. Wa sehemu kubwa ya Njombe ni wa zamani, wenye asidi, na unahitaji chokaa na mbolea kabla haujatoa mavuno ya kujivunia. Chai, viazi mviringo na parachichi vimefanikiwa Njombe kwa sababu wakulima wamegharamia, na anayekwenda bila mtaji wa pembejeo anaweza kulaumu mbegu bure. Usambara nako udongo ni mzuri ila umesimama. Bila matuta huteremka na mvua kwenda kwa jirani wa bondeni.

Ziwani, Bukoba inatoa somo ambalo sijaona linaelezwa vizuri mahali pengi. Mvua nyingi imeosha virutubisho, na ardhi ya asili, iitwayo rweya, ni nyasi duni zisizofaa kitu zaidi ya malisho na kuezekea. Katikati ya rweya hiyo kuna kibanja, shamba la migomba na kahawa lililonona kwa samadi, majani na nyasi zilizobebwa kutoka rweya kwa vizazi. Rutuba ya Buhaya, nchi ya Wahaya inayozunguka Bukoba, imetengenezwa na watu. Mgeni anayeuziwa rweya kwa bei ya chini, akadhani amepata sehemu ya kibanja, amenunua kazi ya miaka ishirini. Usukuma una mpangilio wake: mawe juu, mchanga wa luseni kwenye miteremko, na mbuga ya udongo mweusi chini, ambako mpunga hulimwa kwenye majaruba. Mkulima mzuri wa huko hutafuta kipande katika kila ngazi.

Pwani ni nchi ya minazi, mikorosho na mihogo, mazao yanayovumilia mchanga. Historia inalithibitisha hilo: miji ya pwani haikufuata rutuba, ilifuata bandari na pepo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji uliotajirika kwa biashara ya bahari, na Kaole, karibu na Bagamoyo, ulififia baada ya mikoko na tope kuziba bandari yake. Anayehamia pwani kwa ajili ya mahindi anakwenda kinyume na karne nyingi za uzoefu, ingawa Mtwara na Lindi kwa korosho na ufuta ni hesabu nyingine.

Kanda ya kati ina kielelezo chake, nacho ni Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta na wataalamu, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Udongo wenye mfinyanzi uligeuka kama saruji baada ya mvua kukauka, na mvua yenyewe haikufuata ratiba ya ofisini. Wagogo waliokuwa wakilima uwele na mtama na kutegemea ng'ombe hawakuwa wavivu. Walikuwa na kumbukumbu ya njaa kama ile ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Upande mwingine wa mizani, ukavu huo huo unaiwezesha Dodoma kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na umeifanya Singida kuwa nchi ya alizeti na asali. Onyo la Kondoa lisisahaulike: mmomonyoko ulikuwa umefikia hatua ambayo mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi ili ardhi ipumzike.

Maradhi

Malaria ndiyo iliyochora mipaka ya zamani. Vimelea hukua kwa shida ndani ya mbu joto linaposhuka chini ya nyuzi 18 hivi, na kwa hiyo mlima ulikuwa kimbilio: Washambaa waliona nyika iliyo chini ya milima yao kuwa nchi ya homa, na Wachaga walishuka kulima mahindi tambarare kisha wakapanda kulala nyumbani. Leo Njombe, Kilimanjaro, Arusha, Dodoma na Singida ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, wakati mikoa ya ziwa kama Kagera na Geita, pamoja na Mtwara na Lindi, bado inabeba mzigo mkubwa. Ziwa huongeza kichocho kwa mwenye kuoga au kufua ufukweni. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengue, ikiwemo ya 2014 na 2019, inayoletwa na mbu wa mchana anayezaliana kwenye makopo na matairi.

Hata hivyo, mlima si hospitali. Lushoto iliteswa na tauni kwa zaidi ya miaka ishirini kuanzia 1980, na katika nyanda za juu za kusini uvimbe wa tezi ya shingo ulikuwa jambo la kawaida kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea. Kanda ya kati nayo ilikuwa na trakoma, ugonjwa wa macho uliochunguzwa kwa miaka mingi Kongwa, na chanzo chake kinaonyesha jinsi vigezo hivi vinavyoshikana: maji yakiwa mbali, uso wa mtoto ndio unaokosa kuoshwa kwanza.

Kuhusu mbung'o, inafaa kueleza kwa nini sikuweka misitu ya magharibi katika ulinganisho huu. Sotoka ilipoua ng'ombe miaka ya 1890, malisho yaligeuka vichaka, wanyamapori wakarudi, na mbung'o wakafuata wakiwa na malale ya watu na nagana ya mifugo. Sehemu ya pori tunaloliona kuwa la tangu kuumbwa ulimwengu lilikuwa malisho ya watu. Shinyanga walijibu kwa kufyeka vichaka kuanzia miaka ya 1920. Mbung'o walipungua, lakini ardhi ilibaki uchi kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kurudisha miti, na kilichofanikiwa zaidi kilikuwa ufufuaji wa ngitili, malisho ya akiba ambayo Wasukuma wenyewe waliyajua tangu zamani.

Majanga

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa hakuna sehemu iliyo salama na kila moja inajulikana kwa lake.

Pwani: mafuriko ya mabondeni, kama yale ya bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ya Desemba 2011 yaliyosababisha waathirika kuhamishiwa Mabwepande, mmomonyoko wa fukwe, ambao umekigeuza kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kutoka kisiwa chenye miti kuwa fungu la mchanga, na vimbunga, ambavyo ni nadra lakini si hadithi. Zanzibar ilipigwa mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Hidaya ilifika Mafia na Kilwa mwanzoni mwa Mei 2024.

Mlimani ni maporomoko. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima Hanang viliingia mji wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Waliojenga kwenye njia ya maji walikuwa wameishi hapo kwa amani kwa miaka mingi, na hilo ndilo linalotisha.

Ziwani maji hupanda. Yalipanda kwa zaidi ya mita mbili mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakafikia kiwango cha juu sana tena Mei 2020, na mara zote mbili aliyejenga karibu alihama. Kagera ilitikiswa na tetemeko tarehe 10 Septemba 2016, na nyumba nyingi za matofali yasiyofungwa vizuri zilianguka. Kanda ya kati ina ukame, ambao hauji kwa kishindo na hauonekani kwenye picha za habari, lakini hurudi mara nyingi kuliko hayo yote.

Nafasi

Hapa ndipo mlima unapodai kodi yake. Wastani wa mkoa wa Kilimanjaro, takriban watu 140 kwa kilomita ya mraba, unaficha ukweli, kwa sababu unachanganya hifadhi, misitu na tambarare. Vihamba vya juu vimegawanywa baba kwa mwana hadi baadhi havitoshi kaburi na nyumba kwa pamoja. Mgeni kupata kihamba ni jambo la nadra, na sidhani linafaa kutafutwa. Mwanza ina karibu watu 390 kwa kilomita ya mraba na Dar es Salaam zaidi ya 3,800. Dodoma ina takriban 75, Njombe kama 42, na Lindi kama 18 tu. Kwa hiyo anayetaka ardhi ya kutosha ana njia mbili kubwa: kusini mwa pwani, au Njombe kwa anayeweza baridi. Dodoma mjini bei ya viwanja ilibadilika tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, lakini wilayani bado kuna nafasi.

Kila sehemu inamfaa nani

Pwani inamfaa mwenye riziki inayotoka baharini, bandarini, kwenye utalii au kwenye mazao ya miti ya muda mrefu, na ambaye anaweza kulipia maji ya bomba au tangi kubwa la mvua. Mlima wa kaskazini unamfaa mwenye asili ya hapo au anayetaka bustani ndogo iliyotunzwa sana. Nyanda za juu za kusini zinamfaa mkulima mwenye mtaji wa kusubiri parachichi au chai ikomae. Ukanda wa ziwa unamfaa mfanyabiashara, mvuvi na mkulima wa ndizi au mpunga anayekubali kulala ndani ya chandarua kila usiku bila kuruka. Kanda ya kati inamfaa mfugaji, mkulima wa zabibu na alizeti, mfugaji wa nyuki, na mtu ambaye kipato chake hakitegemei mvua kabisa.

Kwa hali yako

Kama una watoto wadogo na hospitali iko mbali, ipe malaria uzito kuliko rutuba: chakula kinanunulika, lakini homa ya usiku wa manane haisubiri gari la asubuhi. Hapo Njombe na Dodoma zinaitangulia Geita na Lindi, na katika Dodoma hakikisha kwanza bomba linatoa maji siku ngapi kwa wiki.

Kama umestaafu na pensheni yako ni ya uhakika, mvua chache si hukumu. Mstaafu mwenye pumu au viungo vinavyouma anaweza kuishi vizuri zaidi katika ukavu wa Singida kuliko katika ukungu wa Lushoto, ilhali mwenye shinikizo la damu anayechoshwa na joto atafikiria mara mbili kuhusu Mtwara. Hilo azungumze na daktari wake kabla ya dalali.

Kama ni kijana mwenye nguvu na mtaji mdogo, usianze na ardhi ya bei ya chini katika nchi ya mvua nyingi kabla hujauliza kwa nini ni ya bei ya chini. Kodi shamba msimu mmoja. Ardhi ya kijiji hupitia Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na hatua hizo, pamoja na usumbufu wake, zitakukutanisha na watu wanaojua maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko. Ufukweni, iwe bahari, ziwa au mto, kumbuka kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Anayekuuzia kiwanja kinachogusa maji anakuuzia ugomvi.

Kama unaweza kushika sehemu mbili, fanya hivyo hata kwa kipande kidogo. Mchaga mwenye kihamba juu na shamba la mahindi tambarare, Mhaya mwenye kibanja na rweya, Msukuma mwenye luseni na jaruba, wote walikataa kuchagua, na ukame wa upande mmoja haukuwamaliza. Nyumba Dodoma na ekari za mikorosho Lindi ni mchanganyiko wenye akili kuliko ekari kubwa mahali pamoja, ila unahitaji ndugu mwaminifu wa kusimamia upande ambao haupo.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, nauli ya kwenda kuziona katika mwezi wake mbaya ni ndogo kuliko bei ya kiwanja. Pwani nenda Februari, Bukoba nenda Aprili njia zikiwa tope, Njombe nenda Julai na ulale siku tatu, Dodoma nenda Novemba kabla mvua haijagusa chini. Ukifika, kabla ya kuonana na mwenye eneo, kaa kando ya njia asubuhi na umwulize mama anayerudi na ndoo kichwani ametoka nyumbani saa ngapi.